Jicho Linapokwenda Kombo: Kumpima Mtoto Mdogo Macho na Kutibu Makengeza

Jioni imeingia na mtoto amechoka. Ameketi sakafuni anapanga vibao vyake, kimoja juu ya kingine. Anainua uso kukutazama, na papo hapo jicho lake la kushoto linavutwa kuelekea puani huku la kulia likibaki limekukazia wewe. Anapepesa, jicho linarudi mahali pake, naye anaendelea na vibao. Unabaki na shaka kama umeona kweli. Asubuhi unamwita bibi yake atazame, lakini mtoto kalala vya kutosha na macho yote mawili yako sawa. Bibi anasema mjukuu wake hana neno. Jirani anasema watoto ndivyo walivyo, akikua litanyooka lenyewe. Baba anasema tusubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikonisukuma kuandika. Hawa wote wanampenda mtoto, ila wanazungumzia makengeza kana kwamba ni jambo moja, na jambo lenyewe kana kwamba ni sura tu. Ndani ya makengeza mna maswali matatu yaliyosokotana. Je, kila jicho, likiachwa peke yake, linaona? Je, macho yote mawili yanalenga mahali pamoja? Na je, ubongo unaziunganisha picha mbili unazoletewa ziwe picha moja? Mtoto anaweza kufaulu swali moja na kuanguka jingine. Wapo wenye makengeza ya waziwazi ambao kila jicho lao linaona vizuri, na wapo wenye macho yaliyonyooka kabisa ambao jicho moja haliwasaidii kitu. Hata tiba inayolinyoosha jicho siyo ile inayolifanya lione. Anayeyachanganya maswali haya humlaumu daktari kwamba amemziba mtoto jicho miezi sita na makengeza yako palepale, wakati kile kibandiko hakikuwekwa kwa ajili ya kunyoosha.

Kuona ni kitu cha kujifunza

Kichanga hazaliwi akiona kama tuonavyo sisi. Macho yake yapo na yanapokea mwanga, lakini sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inayozigeuza ishara za macho kuwa picha, bado inajengwa. Inajengwa kwa kutumiwa. Kila siku ambayo macho mawili yanapeleka picha safi na zinazofanana, njia kati ya jicho na ubongo zinaimarika. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha, na misuli yote kumi na miwili hulazimika kwenda pamoja kwa amri ya ubongo. Ndiyo maana katika miezi mitatu au minne ya mwanzo jicho la mtoto huweza kupotea njia mara mojamoja bila tatizo lolote. Baada ya miezi minne halitakiwi kupotea tena. Na jicho lililopinda muda wote, hata kwa mtoto wa wiki sita, lipelekwe likaangaliwe bila kungoja miezi hiyo itimie.

Mtu mzima akipata makengeza ghafla huona vitu viwiliviwili na hapati raha hadi atibiwe. Mtoto mdogo hasemi chochote, na hiyo ndiyo sehemu inayonisikitisha kuliko zote. Ubongo wake ungali laini, na ukiletewa picha mbili zisizopatana unachagua moja na kuizima nyingine. Haoni mawili, haumwi, halalamiki. Anacheza na kukimbia kama wenzake, akitumia jicho moja. Lile lililozimwa linaendelea kupeleka ishara ambazo hazina msikilizaji, na njia zake zinadhoofika. Hali hiyo huitwa jicho vivu. Kwa maoni yangu jina hilo linamwonea mtoto, kwa kuwa jicho lenyewe mara nyingi ni zima. Ukilichungulia ndani hutaona kasoro. Kilichopungua ni mazoea ya ubongo kulisikiliza.

Jambo hili lilionyeshwa wazi na watafiti wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, katika miaka ya 1960. Waliwafunga watoto wa paka kope za jicho moja kwa nyuzi, na walipozifungua baada ya wiki kadhaa wakakuta jicho ni zima lakini chembe za ubongo hazilijibu tena. Paka mkubwa akifanyiwa vivyo hivyo hadhuriki kwa namna hiyo. Upo wakati ambao ubongo unajifunza kuona, na wakati huo unapita. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel, na tiba ya macho ya watoto hadi leo inaliheshimu somo hilo.

Kwa binadamu wakati huo hauishi kwa siku moja. Matibabu ya jicho vivu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Kati ya miaka 7 na 12 wengi bado hupata nafuu wakitibiwa, na hata baadhi ya vijana waliokwisha kubalehe hupata, hasa wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabla. Kwa hiyo mzazi aliyechelewa asiambiwe kwamba basi tena. Lakini mwenye mtoto wa miaka miwili ana bahati ambayo mwenye mtoto wa miaka kumi angetamani kuwa nayo.

Jicho vivu halihitaji makengeza ili litokee. Jicho moja likihitaji lenzi kali na la pili lisihitaji, ubongo huchagua lile lenye picha safi, na macho yakabaki yamenyooka bila ishara yoyote usoni. Kope iliyolegea ikaziba mboni, au mtoto wa jicho aliyezaliwa naye, huleta madhara hayohayo kwa haraka zaidi. Mtoto wa jicho aliye mzito hutakiwa kuondolewa katika wiki chache za mwanzo za uhai. Kwa sababu ya watoto hawa ambao sura haiwasemei, kila mtoto anastahili kupimwa macho angalau mara moja kati ya miaka 3 na 5, hata kama hakuna aliyeona kasoro. Mwenye mzazi au ndugu aliyekuwa na makengeza, jicho vivu au miwani mikali tangu utotoni apimwe mapema zaidi. Vivyo hivyo mtoto njiti na mtoto mwenye Down syndrome, maana makengeza huwapata zaidi.

Si kila kinachoonekana kupinda kimepinda

Tuanze na habari njema. Watoto wengi wachanga wana mgongo wa pua ulio bapa na mkunjo wa ngozi kwenye pembe ya ndani ya jicho. Mkunjo huo huficha weupe wa jicho upande wa puani, na mtazamaji hudhani jicho limeingia ndani. Pua ikipanda kwa kukua, dhana hiyo hutoweka, na hapa ndipo ulipozaliwa usemi wa "akikua litanyooka". Waliosema hivyo walimwona mtoto ambaye hakuwa na makengeza tangu mwanzo.

Namna ya kutofautisha ni rahisi kuieleza. Mwangaze mtoto kwa tochi ndogo kutoka mbele, au mpige picha kwa mwanga wa kamera akiwa amekutazama moja kwa moja, kisha utafute nukta nyeupe ya mwanga juu ya kila jicho. Nukta zikikaa mahali pamoja katika mboni zote mbili, dalili ni njema. Moja ikikaa katikati na ya pili ikasogea pembeni, jicho hilo limeenda kombo. Daktari Mjerumani Julius Hirschberg ndiye aliyeufanya mwako huo kuwa kipimo, katika karne ya 19, na kila milimita ambayo nukta inahama huhesabiwa kuwa sawa na nyuzi 7 hivi za kupinda. Kipimo hiki cha nyumbani hakitoshi kumtoa mtoto mashakani, kwa kuwa makengeza mengi huja na kuondoka. Lakini picha zako ni mali. Zipige jioni mtoto akiwa amechoka, au akiwa mgonjwa kidogo, kisha uende nazo kliniki; mara nyingi kile ulichokiona nyumbani hakitajitokeza mbele ya daktari.

Makengeza ya kweli yana tabia mbalimbali. Yapo yanayoanza kabla ya miezi sita, jicho likaingia ndani sana na kukaa hivyo muda wote. Yapo ya kutoka nje, ambayo kwa kawaida huonekana mtoto akiwa amechoka, akiwaza mbali au akitazama vitu vya mbali. Mtoto wa aina hii mara nyingi hufumba jicho moja juani. Jicho linaweza pia kupanda juu au kushuka, na mtoto akajizoeza kuinamisha kichwa upande mmoja ili apate picha moja. Shingo inayopinda siku zote, basi, si tabia tu, inaweza kuwa inalisaidia jicho.

Aina inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile inayojitokeza kati ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa mtoto ambaye macho yake yalikuwa sawa. Chanzo mara nyingi ni jicho lililo fupi kidogo kutoka mbele hadi nyuma, kiasi kwamba picha inataka kukusanyika nyuma ya retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya juu yake. Mtoto ana dawa yake mwenyewe: anaikaza lenzi iliyo ndani ya jicho, na lenzi ya mtoto ina nguvu nyingi, picha ikasafika. Tatizo ni kwamba katika ubongo amri ya kukaza lenzi na amri ya kuyavuta macho yote mawili kuelekea puani zimefungwa kamba moja. Ndivyo tunavyoweza kutazama kitu cha karibu. Anayekaza kupita kiasi huvuta kupita kiasi, na jicho moja linaingia ndani. Uhusiano huo ulielezwa na Mholanzi Franciscus Donders mwaka 1864, na mpaka leo ndio unaowapa watoto wengi miwani badala ya kisu.

Kuna dalili ambazo hazingoji foleni ya kawaida. Makengeza yaliyozuka ghafla pamoja na kutapika, kichwa kuuma, kuyumba anapotembea au kusinzia kusiko kwa kawaida. Jicho linaloshindwa kabisa kwenda upande mmoja. Makengeza baada ya kuanguka na kuumia kichwa. Na mboni inayoonekana nyeupe, hasa kwenye picha zilizopigwa kwa mwanga wa kamera. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, na mara chache ni saratani ya retina iitwayo retinoblastoma. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na makengeza ni dalili yake ya pili kwa wingi baada ya mboni nyeupe. Wenye makengeza walio wengi mno hawana saratani. Lakini hii ndiyo sababu daktari makini hamwachii mtoto yeyote mwenye makengeza arudi nyumbani kabla ya kumchungulia nyuma ya jicho.

Kumpima asiyejua kusoma wala kueleza

Wazazi wengi huahirisha kwa sababu wanaamini mtoto hawezi kupimwa mpaka ajue herufi. Si kweli. Hata wa miezi mitatu anapimwa.

Kipimo huanza mlangoni, kabla mtu hajamgusa. Mtaalamu anaangalia mtoto anavyoingia, anavyoinamisha kichwa, anavyomtafuta mama. Kisha anakaa kwenye mapaja ya mzazi, anaonyeshwa kitu kidogo chenye rangi, na jicho linafuatiliwa kama linakikazia na kukiandama. Halafu linazibwa jicho moja. Mtoto ambaye macho yake yako sawa hajali sana lipi limezibwa. Mwenye jicho vivu, ukimziba jicho bovu, anaendelea kutabasamu. Ukimziba jicho zima, anasukuma mkono, anachezesha kichwa kutafuta upenyo, analia. Hajaweza kutamka "sioni", lakini ameshasema.

Kwa wadogo zaidi kuna kadi za kijivu zenye mistari upande mmoja tu. Mtoto kwa asili hutazama penye kitu kuliko pasipo kitu, kwa hiyo mpimaji aliyejificha nyuma ya kadi huangalia macho yanakwenda wapi. Mistari hupunguzwa unene kadi baada ya kadi, mpaka macho yatakapokosa pa kwenda. Akifika miaka mitatu hivi huletewa picha za kulinganisha. Daktari wa Kifini Lea Hyvärinen alibuni mwaka 1976 alama nne zinazotumika duniani kote: tufaha, nyumba, mraba na duara. Mtoto hana haja ya kuzitaja. Anakuwa na kadi yenye alama zote nne mapajani, akionyeshwa moja kwa mbali anaigusa inayofanana. Ukiweza, cheza naye mchezo wa kulinganisha maumbo siku chache kabla, atafika akiwa mwenyeji wa kazi. Na hakikisha kila jicho linapimwa peke yake, na la pili limezibwa kwa kibandiko. Mkono wa mama haufai, kwa kuwa watoto ni hodari wa kuchungulia katikati ya vidole.

Swali la pili, la kulenga, hupimwa kwa kuziba na kuzibua. Mtoto anatazama kitu, mpimaji anaziba jicho lililonyooka na kuliangalia lile jingine. Likisogea ili lishike kitu, basi halikuwa limelenga. Vipande vya kioo viitwavyo prizimu, vinavyopindisha mwanga, huwekwa mbele ya jicho hadi msogeo huo uishe, na hapo kiasi cha kupinda kinapata namba. Swali la tatu hupimwa kwa kadi ambayo mwenye macho yanayoshirikiana huona picha imejitokeza mbele. Mtoto mdogo huinyoosha mikono aikamate nyota isiyokuwepo, na mpimaji hapati jibu zuri zaidi ya hilo.

Kisha yanakuja matone, ambayo wazazi huyaogopa kuliko vyote. Yanawasha kwa sekunde chache na mtoto atalia, hilo nisilifiche. Lakini bila matone, lenzi ile yenye nguvu inaendelea kukaza na kuficha ukubwa wa tatizo, na miwani itakayoandikwa itakuwa ya kubahatisha. Dawa itumikayo zaidi ni saiklopentoleti. Baada ya dakika 30 hadi 45 lenzi imelegea na mboni imepanuka. Atakuwa na mboni kubwa na kukerwa na mwanga hadi kesho yake, kwa hiyo chukua kofia. Wakati mwingine hutumika atropini, na hiyo inaweza kukaa machoni hata wiki mbili.

Hapo ndipo taa za chumba hupunguzwa. Mpimaji anashika chombo kidogo chenye mstari wa mwanga, anaupitisha polepole juu ya jicho, kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini. Ndani ya mboni unaonekana mng'ao wa rangi ya chungwa uliorudishwa na retina. Mng'ao ukienda upande uleule wa mstari, lenzi ya aina moja inahitajika. Ukienda kinyume, ya aina nyingine. Anaweka lenzi mbele ya jicho, anapitisha tena, anabadilisha, anapitisha tena, mpaka mng'ao usimame na mboni yote ijae mwanga kwa mara moja. Lenzi zilizofikia hapo, baada ya hesabu ndogo ya umbali, ndizo namba za miwani. Mtoto muda wote huo alikuwa anatazama mdoli anayelia kila akibonyezwa. Hakuulizwa swali hata moja.

Siku hizi kuna pia mashine za kushika mkononi, zinazompiga mtoto picha kutoka mita moja hivi na kutoa jibu kwa sekunde. Ni nzuri kwa kuchuja watoto wengi kwa haraka, hata wa mwaka mmoja. Zinaonyesha nani ana hatari. Hazipimi jicho linaona kiasi gani, na hazichukui nafasi ya chumba kile chenye giza.

Tiba hufuata mpangilio

Kwa kawaida miwani hutangulia, jicho vivu hufuata, kisu kikihitajika huja mwisho. Siyo kanuni ya kila mtoto, lakini anayeielewa hatashangaa anapoambiwa mtoto hapasuliwi kwanza.

Kwa mtoto ambaye makengeza yake yanatokana na kukaza lenzi, miwani ndiyo tiba yenyewe. Akiivaa hana haja ya kukaza, na jicho linanyooka, pengine lote, pengine kwa sehemu. Wiki chache baadaye mzazi anamvua ili amwogeshe na anaona jicho linaingia ndani kuliko zamani. Anahitimisha kwamba miwani imeliharibu jicho, anaifungia kabatini. Miwani haikuharibu kitu. Mtoto amezoea kuona vizuri, akivuliwa anakaza kwa bidii zaidi, basi. Avae kutwa nzima, tangu kuamka hadi kulala. Fremu iwe nyepesi na ya kumkaa, yenye mkanda laini unaozunguka kichwa. Siku za mwanzo ataitupa mara ishirini. Mrudishie mara ishirini na moja, bila ugomvi. Akiendelea kuikataa kwa wiki kadhaa mrudishe kwa mpimaji, pengine namba au fremu ina kasoro.

Miwani ina kazi nyingine ambayo haisifiwi vya kutosha: inatibu jicho vivu yenyewe. Katika utafiti mmoja uliotolewa Marekani mwaka 2006, watoto wa miaka 3 hadi 6 ambao jicho lao vivu lilitokana na jicho moja kuhitaji lenzi kali kuliko la pili walipewa miwani tu, na asilimia 27 wakapona bila kuzibwa. Uoni huendelea kupanda kwa miezi minne hivi. Kwa hiyo daktari anaposema "tuanze na miwani, tuonane tena", hajakupuuza.

Kilichobaki baada ya hapo kinahitaji kibandiko. Wazo ni la zamani. Mfaransa Buffon aliandika mwaka 1743 kwamba jicho zima lizibwe ili lile dhaifu lifanye kazi. Kibandiko hubandikwa kwenye ngozi, chini ya miwani, maana kikiwa juu ya kioo mtoto atachungulia pembeni. Saa ngapi kwa siku? Zamani walizibwa kutwa. Tafiti za mwaka 2003 ziliwapa wazazi ahueni kubwa: kwa jicho vivu la kiasi, saa 2 kwa siku zilileta matokeo sawa na saa 6, na kwa lile lililodhoofika sana, saa 6 zilitosha kama kutwa nzima. Asiyevumilia kibandiko anaweza kuwekewa tone la atropini kwenye jicho zima, likaifanya picha ya karibu iwe na ukungu ili ubongo ulazimike kulitumia jicho dhaifu. Mwaka 2002 ilionekana kwamba baada ya miezi sita njia hizo mbili zinakaribiana sana.

Nawaonea huruma wazazi katika siku kumi za mwanzo, na watoto zaidi. Mtoto aliyebandikwa jicho zima hafanyi ukaidi anapolia. Kweli haoni vizuri, dunia yake imefifia ghafla na hajui kwa nini. Usimwache akimbie ngazini au nje peke yake. Kaa naye chini. Mpe kazi ya karibu anayoipenda, kuchora, kutunga shanga kubwa, kutazama vitabu vya picha. Bandika saa ileile kila siku mpaka iwe kama kupiga mswaki, mbandike na mdoli wake, anza na dakika 15 kama saa nzima ni vita. Kisha angalia siku moja, kwenye wiki ya nne au ya sita, anavyookota ushanga mdogo ambao awali alikuwa anaupapasa.

Mambo mawili yasisahaulike. Kuziba kupita kiasi kunaweza kulidhoofisha jicho zima, ndiyo maana tarehe za kurudi kliniki si za hiari. Na jicho likishaona vizuri, saa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu karibu robo ya watoto huanza kurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha.

Upasuaji unajibu swali la kulenga. Mwaka 1839 jijini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach alimkata mvulana wa miaka saba msuli uliokuwa unalivuta jicho lake ndani, kabla ya kuwepo dawa ya usingizi. Leo mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, na msuli haukatwi kwa kisu ovyo: unasogezwa nyuma kwa milimita zilizopimwa ili upungue nguvu, au unafupishwa ili uongezeke nguvu. Jicho halitolewi nje, ingawa hofu hiyo naisikia kila mara. Daktari anapitia kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, na nyuzi huyeyuka zenyewe. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na wekundu hupungua kwa wiki mbili au tatu. Usishangae daktari akigusa macho yote mawili wakati wewe unaona moja tu limepinda. Makengeza ni tofauti ya mizani kati ya mawili, na kugawa kazi mara nyingi hutoa mizani bora. Baadhi hurudi kufanyiwa mara ya pili, na hilo linaelezwa mapema, si kwamba ya kwanza iliharibiwa.

Kwa aina inayoanza kabla ya miezi sita madaktari wengi hupasua kabla ya miaka miwili, ili ubongo upate nafasi ya kujifunza kuunganisha picha. Ile ya kutoka nje mara mojamoja inaweza kuangaliwa kwa miaka. Ipo pia sindano ya sumu ya botulinamu, iliyoletwa kwenye tiba ya makengeza na Alan Scott wa San Francisco. Hulegeza msuli kwa miezi michache na huwafaa baadhi. Mazoezi ya macho yana faida kwa wakubwa kidogo wenye shida ya kukutanisha macho karibu, lakini hayatibu makengeza ya mtoto wa miaka miwili. Na kitu chochote kisicho dawa ya daktari kisitiwe kwenye jicho.

Baada ya kisu, miwani inaweza kubaki na kibandiko pia. Jicho limenyooka, swali la kwanza linaendelea kuulizwa kila ziara, wiki kuwa miezi, miezi kuwa mwaka, hadi mtoto afike miaka minane hivi na uoni uwe umetulia.

Ukiwa na mtoto wa vibao vile, piga simu kliniki kesho na useme hivi: ana umri wa miezi kadhaa, jicho la kushoto linaingia ndani, zaidi jioni, nimeanza kuliona wiki tatu zilizopita, mboni si nyeupe, hatapiki wala hayumbi, kwetu kuna aliyevaa miwani tangu mdogo, na nina picha sita.